Majani chini ya miti si uvivu, mwacheni huyo fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule dada aliyeandika kwenye ukurasa huu wa barua akimlalamikia mtunza bustani wake. Kwa waliosahau, alisema amemnunulia fundi reki mpya kabisa lakini jamaa hafagii chini ya miti, majani yamelala pale wiki nzima, akiulizwa anajibu "nayaacha makusudi mama", na sasa anafikiria kumtoa atafute mchapakazi. Hiyo barua niliisoma nimekaa juu ya toroli nakunywa maji, nikacheka peke yangu, baadae nikaacha kucheka maana nilikumbuka kuna kijana niliwahi kumsema vibaya mbele za watu kwa kosa hilohilo na wakati huo mimi ndo nilikuwa najiita mtaalamu.

Huu ni mwaka wangu wa 24 natunza bustani za watu. Sikuanza kwa kupenda maua, nisidanganye, nilianza kwenye kitalu kujaza udongo kwenye viriba vya miche, unalipwa kwa hesabu ya viriba, ukilegea siku hiyo unarudi nyumbani na vumbi tu. Pale ndo nilijifunza kujua udongo kwa vidole, mfinyanzi unanata, kichanga kinakwaruza, tifutifu unashikana ukiubinya ila ukiugusa unavunjika. Baada ya hapo nikachukuliwa kwenye bustani kubwa ya taasisi moja chini ya mzee mmoja ambaye alikuwa na sheria moja tu, udongo uonekane. Saa kumi na mbili asubuhi tuko na mafagio, jani likidondoka saa moja, saa moja na dakika tano limeshaokotwa, jumamosi tunachoma kila kitu nyuma ya stoo.

Bustani ilikuwa inang'aa kwakweli, wageni wanapiga picha. Ila kila mwaka mbolea ya chumvichumvi iliongezeka, kila mwaka mpira wa maji ulikaa muda mrefu zaidi pale pale, na bado ule uzio wa michongoma ukawa unakauka vipande vipande kama kichwa chenye mapunye. Ukipiga jembe linadunda. Tukalaumu wadudu, tukalaumu jua, tukamlaumu aliyetuuzia miche, fagio halikulaumiwa na mtu.

Nilikuja kuelewa baadae sana, nina miaka 31, nikiwa nasoma cheti cha kilimo cha bustani huku jumamosi na jumapili nafanya vibarua. Tone la mvua linakuja kwa kasi, likiukuta udongo uko uchi linapasua zile punje zilizoshikana, vumbi laini linaingia kwenye vitundu vya hewa linaziba, jua likiwaka linabaki ganda juu. Mvua inayofuata haizami tena, inateleza inaenda mferejini imebeba udongo wa juu ambao ndo mzuri kuliko wote. Jani likiwepo, tone linagonga jani kisha linashuka taratibu, hamna uchawi hapo. Na lile jani lenyewe ni chakula, mti kabla haujaliacha unavuta sehemu ya naitrojeni unairudisha kwenye tawi lakini kalisiamu yake inabaki humohumo ndani ya jani, kwa hiyo sisi kila jumamosi tulikuwa tunachoma kitu ambacho mizizi ilihangaika mwaka mzima kukipandisha.

Tangu hapo bustani naipima getini. Najua mtu atasema huyu fundi ana maneno mengi lakini ni kipimo kirahisi kuliko vyote nilivyowahi kusikia, simama getini uangalie kinachotoka na kinachoingia. Zikitoka gunia za majani, nyasi na matawi kila wiki, alafu zikaingia mbolea, dawa, udongo wa mifuko na maji yasiyo na mwisho, hapo unauza ng'ombe wako kisha unaenda kununua maziwa kwa jirani. Bustani ninayoisifia ni ile ambayo mwaka wa tatu au wa nne geti linapumzika. Kuna moja naitunza sasa hivi ina miti mikubwa sita na ukoka mbele, huu mwaka wa tano haijatoa hata gunia moja la majani na mbolea ya dukani iliyoingia ni kidogo mno, na sio kwamba mimi ni hodari sana, miti yenyewe inajilisha mimi nazuia watu wasiinyang'anye chakula.

Sasa mtu anauliza yale majani yanaenda wapi kama hayafagiliwi. Yanaliwa. Kuna fangasi, kuna bakteria, kuna jongoo, na kuna nyungunyungu ambao wanayavuta usiku mpaka shimoni kwao. Mteja wangu mmoja mwalimu mstaafu ndo alinisimulia habari za Charles Darwin, yule yule wa mageuzi ya viumbe, kumbe kitabu chake cha mwisho alichotoa 1881, miezi michache kabla hajafa, kilikuwa cha nyungunyungu. Mzee mzima na heshima zake alikuwa anawaweka kwenye vyungu juu ya piano kuona kama wanashtuka ikipigwa, na walishtuka, hawasikii sauti ila mtikisiko wanaujua. Akapiga hesabu kwamba sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila ekari zinapita matumboni mwao na kutoka juu kila mwaka. Tani kumi! Mimi na vijana wangu wawili na jembe tusingeweza, na hao hawaombi likizo. Ukimnyima majani unamnyima posho, anaondoka, na akiondoka ndo unaanza kuona udongo kama sakafu.

Ile sehemu ambayo majani ni mengi kupita kiasi au ni njia ya watu nayapeleka kwenye lundo la mboji. Hapa nikae kidogo maana ndo watu wengi wanakata tamaa, wanarundika kona moja mwezi wa kwanza, mwezi wa pili linanuka, wa tatu wanaita gari la taka. Lundo likiwa chini ya mita moja kwenda juu na mita moja kila upande joto linakimbia, halipiki. Changanya vikavu na vibichi, vikavu ni majani yaliyokauka, matawi yaliyokatwakatwa, makaratasi, vibichi ni nyasi zilizokatwa leo, maganda ya jikoni, samadi. Vitabu vinasema kaboni iwe kama mara 25 mpaka 30 ya naitrojeni, sawa, lakini mimi sina mizani ya kaboni nina pua. Likinuka mkali kama mkojo nimezidisha vibichi naongeza vikavu, likinuka yai viza limekosa hewa nalipindua, likiwa halinuki na halifanyi chochote basi kavu mno nalimwagia maji liwe kama sponji iliyokamuliwa. Likienda vizuri katikati linafika nyuzi 55 hadi 65, mimi nachomeka kipande cha nondo, nikikichomoa kesho yake nikashindwa kukishika kwa raha najua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa vinaungua mle ndani, alafu nalipindua ili vya pembeni navyo viingie katikati vipate zamu yao. Ndago siziweki. Ndago siziamini hata zikipikwa siku arobaini.

Jivu nalo nilikuwa nalipenda sana enzi zile za kuchoma, si tuliambiwa jivu ni mbolea. Ni kweli lina potasiamu na kalisiamu, ila naitrojeni yote imeshapaa na moshi na hili jivu linapunguza tindikali ya udongo. Bustani moja ilikuwa na gadenia nzuri ajabu mlango wa mbele, mama mwenye nyumba anazipenda kama watoto, mimi kwa kutaka sifa nikazimwagia jivu mwezi baada ya mwezi. Majani yakaanza kuwa njano huku mishipa imebaki kijani, nikadhani njaa nikaongeza jivu. Gadenia anataka udongo wenye tindikali, tindikali ikipungua chuma kipo ardhini lakini mizizi haiwezi kukichukua, ni kama chakula kipo kabatini na ufunguo umepotea. Mbili zilikufa. Yule mama hakunifukuza, aliniuliza tu, "hivi baba ulikuwa unazipa nini?", na mpaka leo sijawahi kumwambia ukweli wote. Kama anasoma gazeti basi ndo ajue.

Tangu siku hiyo siweki kitu kwenye udongo kabla sijaujua. Sio lazima maabara, ingawa kipimo cha pH, kile cha kujua tindikali ya udongo, ni kitu cha kuwa nacho. Chukua chupa ya kioo, jaza udongo theluthi moja, mimina maji karibu ijae, tikisa kwa nguvu uache mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini linachukua masaa, mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima au zaidi bado maji yana rangi ya chai, alafu unaangalia matabaka unajua unafanya kazi na nini. Ikiwa kichanga ni kingi maji na mbolea vinapita tu, ikiwa mfinyanzi usiukanyage ukiwa umelowa. Na zote mbili dawa yake ni moja, mboji, tena mboji.

Niseme na hii mbolea ya chumvichumvi maana watu wakinisikia wanadhani nimeokoka nimeacha vya dunia. Hapana. Urea ina naitrojeni asilimia 46, ni kitu cha nguvu na ndo maana kinaumiza. Niliwahi kuimwaga kwenye ukoka asubuhi una umande, punje zikashika kwenye majani, chumvi ikavuta maji kutoka kwenye nyasi, baada ya siku chache kukawa na mabaka ya kahawia kila nilipopitisha mkono, yaani mtu angeweza kusoma hatua zangu. Na ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu na joto bila kuifukia au kuimwagilia, sehemu yake inageuka amonia inapaa, umenunua hewa ukairudisha hewani. Maana ni hewa kweli, Fritz Haber ndo alifanikiwa 1909 kuishika naitrojeni ya hewani akatengeneza amonia, Carl Bosch akaifanya iwe ya kiwandani na kiwanda kikaanza kazi 1913 huko Ujerumani, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa na siku hizi kwa gesi asilia nyingi sana. Dunia inakula kwa ajili ya kazi ile, siibezi. Ila kuchoma naitrojeni ya majani jumamosi na kwenda kununua ya kiwandani jumatatu, hiyo ndo siielewi.

Tena ukiizidisha inakuletea wageni. Mmea uliojazwa naitrojeni unatoa machipukizi malaini yenye utomvu mtamu, vidukari wanafurahi, na kidukari jike hahitaji hata dume, anazaa tu watoto hai na hao watoto baada ya wiki moja hivi nao wanazaa. Unaona waridi limefunikwa, unakimbilia pampu. Hapo nina kitu kinaniuma bado. Mwaka wangu wa tisa kwenye hii kazi nilipulizia uzio uliokuwa umechanua, saa tatu asubuhi, nyuki wamejaa, dawa ya kundi la neonikotinoidi niliyoambiwa haina shida. Mchana nikakuta nyuki chini wanazunguka kwenye duara kama wamelewa, hawapai. Zile dawa zinaingia ndani ya mmea mzima mpaka kwenye chavua na kwenye nekta, na Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulizuia tatu kati yake zisitumike nje kwenye mashamba ya wazi kwa sababu ya nyuki. Mimi nilijua kabla ya hapo, nilijua siku ile nimeshika pampu mkononi.

Siku hizi nikiona vidukari kitu cha kwanza nafanya ni kutofanya kitu, na hii ndo sehemu ngumu ya ufundi kwa sababu mteja anaangalia. Wale wadudu wadogo wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, na watoto wao ambao wanafanana na vimamba vidogo vyeusi na watu wengi wanawaua wakidhani ni adui, wanakuja nyuma ya vidukari, hawawezi kuja mbele maana wangekula nini. Kuna siku kadhaa, saa nyingine wiki mbili, ambazo vidukari wanaongoza. Ukipuliza dawa katikati ya hizo siku unaua wote, na anayerudi wa kwanza ni kidukari kwa sababu ya ule uzazi wake. Nikishindwa kuvumilia nawapiga na maji ya mpira kwa kasi, wanadondoka, wengi hawapandi tena.

Kwenye miti sasa. Mhariri hapa nitapandisha sauti kidogo unisamehe. Mtu anakuja na msumeno anaukata mti kichwa, unabaki nguzo, anasema ameupunguza. Ule mti unatoa machipukizi kwa hofu, mengi, yameshikilia ganda tu, baada ya miaka michache yakiwa mazito upepo unayabomoa yanaanguka juu ya gari. Alikuwepo mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, amefariki 2006, huyu alipasua maelfu ya miti kwa urefu kwa msumeno wa mashine aone ndani kinatokea nini jeraha likiingia. Alichoonyesha ni kwamba mti hauponi kama ngozi yako, mti unaziba, unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyooza na kuendelea kukua kwa nje. Kwa hiyo ukikata tawi, kata nje kidogo ya ile shingo iliyovimba pale tawi linapotoka kwenye shina, ukiipunguza shingo umeondoa mafundi wenyewe wa kuziba, ukiacha kisiki kirefu umeacha mlango wa kuoza. Na ile rangi au lami ya kupaka kwenye kidonda, nimeipaka miaka na miaka kwa fahari kabisa, haisaidii kuzuia kuoza.

Nyasi sitasema sana. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo, ziache ndefu kidogo jua likiwa kali, na zilizokatwa ziache palepale zioze, ni mbolea ya bure. Ukizikata mpaka ngozi, mizizi nayo inakuwa mifupi alafu unashangaa kwanini zinalilia maji kila siku.

Maji ndo yanapotea kuliko vyote. Watu wanamwagilia kidogo kila jioni, sentimita mbili za juu zinalowa, mizizi inabaki hukohuko juu inasubiri, siku mkisafiri kila kitu kinakufa. Mimi namwagilia mara chache kwa kina, mmea uliokomaa maji yafike kama sentimita 20 au 30, na kujua yamefika nina bisibisi ndefu, kwenye udongo uliolowa inazama kirahisi, ikifika pakavu inagoma. Asubuhi mapema ndo saa nzuri. Kuna wanaosema ukimwagilia mchana matone yanakuwa kama lensi yanaunguza majani, watafiti wa Hungaria walilipima hilo mwaka 2010 wakakuta kwenye majani laini yasiyo na vinyweleo haitokei, sababu ya kutomwagilia mchana ni kwamba mengi yanakauka kabla hayajazama. Na paa lako ni kisima ambacho unakimwaga, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 mvua ya milimita 10 ni karibu lita 1,000, toa kidogo zinazorukaruka. Mteja mmoja nilimwandikia hiyo hesabu kwa chaki ukutani, wiki iliyofuata tenki likafika.

Ule udongo mwepesi wa mifuko unaotengenezwa na peti, yaani mabaki ya mimea yaliyolundikana kwenye ardhi ya majimaji bila kuoza yakaisha, mimi nimeacha. Maeneo ya peti ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia lakini yana kaboni nyingi kuliko misitu yote ikijumlishwa, na peti inajengeka kama milimita moja kwa mwaka, sasa unaichimba ili uoteshee ua la msimu mmoja, hapana. Na mimea mizuri ya kigeni naiuliza kwanza tabia zake. Lantana ilitolewa Amerika ya joto kama ua la bustani, gugumaji nalo limetoka Amerika Kusini kwa sababu ya lile ua lake la zambarau, na kazi ya kuvieneza ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa fani yangu. Wenye mikono safi kabisa.

Nimeongea hivi mtu anaweza kudhani kila jani liachwe, hapana. Majani ya waridi yenye madoa meusi nayaokota yote, ule ugonjwa unajificha kwenye yaliyodondoka unasubiri mvua. Majani mazito juu ya ukoka yanaukaba, nayaondoa au napitisha mashine yasagike. Njiani yakilowa mtu atateleza. Mferejini hapana. Na matandazo yasirundikwe kwenye shina kama kilima, ganda la chini la mti linataka hewa, likifunikwa linaoza, mimi nimeua mti wa kivuli wa miaka kumi na kitu kwa upendo wa namna hiyo, nilirundika mpaka magotini. Sentimita 5 mpaka 10 zinatosha na uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Lakini tatizo kubwa ninaloliona halipo kwenye udongo wala kwenye vitabu, lipo kwenye jinsi tunavyolipwa. Fundi anapimwa kwa jasho linaloonekana. Muulize yoyote wa kazi hii, honi ikilia getini kila mtu anashika fagio hata kama pameshafagiliwa mara mbili. Ukisimama dakika ishirini unaangalia chini ya majani ya mti kutafuta mayai ya wadudu, bosi anaona umesimama. Ukichukua ile mashine ya kupuliza majani, kelele mtaa mzima na vumbi, bosi anaona kazi inafanyika. Sasa kijana ambaye anatafuta riziki ataacha majani ili iweje? Huyo wa yule dada aliyethubutu kusema "nayaacha makusudi mama" mbele ya reki mpya, mimi namvulia kofia, mimi kwa umri wake nisingethubutu. Na hata jina tunaloitwa, mtu una miaka 46 unaitwa shambaboi, sikasiriki siku hizi ila unajiuliza boi huyu atakua lini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wanaoajiri, mkimhoji fundi mpya msimuulize tu anaamka saa ngapi. Muulizeni majani atayapeleka wapi. Muulizeni akiona wadudu atafanya nini cha kwanza, akikutajia jina la dawa kabla hajauliza ni wadudu gani, asante sana tutakupigia. Mkanyagisheni bustani nzima mkitembea naye, fundi anayejua ataangalia chini kabla ya kuangalia maua, na wengine watainama wachukue udongo wanuse, msiwacheke.

Na kwako dada. Leo jioni ukirudi nenda chini ya ule mti, sogeza majani kwa mkono, yale ya juu yatakuwa makavu, ya katikati yamelowa na yana nyuzinyuzi nyeupe, hiyo ni fangasi iko kazini wala usiogope, na chini kabisa utakuta udongo mweusi ambao kidole kinaingia. Kisha nenda sehemu inayofagiliwa kila siku ujaribu kuingiza kidole hichohicho. Ukikuta amerundika mpaka yamegusa shina, hapo ana kosa, mwambie ayasogeze kiganja kimoja, atakuelewa. Na reki uliyomnunulia isirudi dukani, njiani na kwenye mfereji bado ina kazi.

Mtunza bustani, mwaka wa 24